Ng'ombe wa Ghorofa ya Tatu

Ng'ombe hapandi ghorofa bila kufunguliwa mlango. Ndivyo nilivyomwambia Mama Cherehani asubuhi aliponisomea gazetini kwamba ng'ombe mmoja kapanda mpaka ghorofa ya tatu ya jengo la wapangaji, kakaa huko, kushuka hataki, na wapangaji wanamkamulia hukohuko.

"Ghorofa ya tatu?" nikamuuliza.

"Ya tatu, Bi Tiketi. Mwenye nyumba kaja na kamba, kavaa suti ya kaki, suruali fupi kidogo, soksi zote nje. Ng'ombe kamtazama tu."

"Kuna mtu humo ndani anamjua huyo ng'ombe," nikasema. "Mwandishi kamhoji mpangaji wa chini? Ngazi zina kelele. Ng'ombe apite na kwato zake, mtu wa chini asisikie? Danganya toto hiyo. Huyo wa chini ana lake jambo."

Mama Cherehani alicheka mpaka akapiga meza. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nasema kweli.

Kazi ndiyo iliyonifanya hivi. Nilikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni mpaka nikastaafu, na mtu aliyekula mshahara wa kukagua tiketi hawezi tena kupokea hata salamu bila kuigeuza nyuma aone muhuri. Nimeona tiketi za kuchorwa kwa kalamu, tiketi zilizofuliwa kwa sabuni ili tarehe itoke, tiketi za marehemu. Nimeona mwanamume mzima kajikunja chini ya shuka la mkewe, anajifanya mtoto mchanga, na ndevu zinaonekana. Nilijifunza kutomwamini mtu, na mpaka leo sijaona sababu ya kuacha. Mtaani wananiita Bi Tiketi. Kwa heshima, wanasema. Sina hakika.

Mama Cherehani ni jirani yangu. Mashine yake kaiweka kwenye kibaraza cha ng'ambo ya kichochoro, chini ya bati linalovuja, na mvua ikinyesha utamsikia anakimbiza vitambaa huku anayatukana mawingu. Ni fundi mzuri, simnyimi sifa yake. Vipimo vyako haandiki. Anakupima kwa uzi, anafunga fundo la kifua, fundo la kiuno, uzi anautundika msumarini, na nguo ikitoka inakukaa kama ulizaliwa nayo. Niliwahi kumuuliza anajuaje uzi upi ni wa nani. "Nazijua tu," akasema, "kama wewe unavyowajua wanao." Mimi nina mmoja tu, lakini nilimwelewa.

Kila asubuhi, kabla hajaifunua mashine yake, alikuwa anakuja kwangu na gazeti, ananisomea, tunakunywa chai. Sasa utauliza, mtu mzima aliyesoma anasomewaje gazeti? Hapo ndipo palipokuwa na siri yangu.

Macho yalianza kuniaga mwaka juzi. Yalianzia pembeni, kama mtu anayefunga mapazia taratibu, kisha na katikati kukaingia ukungu. Daktari wa kliniki, kijana mwenye upole wa kutia wasiwasi, aliniambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi. Nilimshukuru, nikatoka napapasa ukuta, na sikumwambia mtu. Mwanga nauona. Kivuli cha mtu mlangoni nakiona. Mtu mwenyewe namjulia kwa hatua zake. Nyumba yangu ni ndogo na niliingia humo nikiwa bibi harusi. Sufuria lina mahali pake, kibiriti kina mahali pake, na ole wake anayesogeza kiti.

Sikumwambia mtu kwa sababu ya mwanangu. Ni mtu mwema, msinielewe vibaya, lakini kaajiriwa na kampuni ya bima kukagua madai ya watu walioibiwa na waliounguliwa, na kazi yake ni kuwaambia kwamba hawakuibiwa wala hawakuunguliwa. Ukaguzi wangu kaurithi wote, akaongeza na wake. Tangu baba yake afariki ananitazama kama nyumba yenye ufa. Kila Jumapili anakuja na mkewe, ananusa jikoni, anagusagusa nyaya, kisha anasema, "Mama, chumba chako kule kwetu kiko tayari."

Chumba hicho nakijua. Kiko nyuma, dirisha linatazama ukuta, na mchana kutwa nyumba iko kimya kwa sababu kila mtu yuko kazini. Huko ni kukaa kwenye kochi ukingoja kuulizwa kama umekula. Mwanangu akijua tu kwamba sioni, kesho yake gari liko mlangoni. Hicho ndicho nilichokuwa nakipigania: nikae kwangu, nife kwangu, na sufuria zangu.

Kwa hiyo Mama Cherehani nilimwambia miwani yangu imevunjika. "Nisomee gazeti, bibie, mpaka nipate nyingine." Alinyamaza kidogo, nikadhani anafikiria kazi zake zilizolala. Kisha akasema, "Haya." Miwani haikupatikana tena, na yeye hakuuliza.

Loo, habari alizonisomea! Waziri kaanguka kwenye shimo alilochimbiwa apande mti, watoto wa shule wakamvuta, na koti lake, ambalo mabega yalikuwa hayajakaa tangu mwanzo, likachanika kwapani. "Nani alichimba?" nikauliza. "Shimo la mche halimezi waziri. Hapo kuna mkono wa mtu wa chama chake." Bwana harusi kakosea ukumbi, kakaa kwenye harusi ya wenyewe mpaka keki ikakatwa, na bibi harusi hakustuka. "Hakustuka kwa sababu anamjua," nikasema. "Mtafuteni bwana harusi wa kweli mumuulize alikuwa wapi." Tulikuwa tunabishana mpaka chai inapoa. Miaka mingi sikuwa nimeamka na hamu namna ile. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikera, habari zake zilijaa pindo na vifungo. Gazeti gani linaeleza soksi za mwenye nyumba? Nikajisemea magazeti ya siku hizi yameharibika, yanaandika chochote.

Na mimi habari ikinikaa kifuani lazima niitoe. Jumapili nikamsimulia mwanangu ile ya ng'ombe.

"Ng'ombe yupi?" akasema.

"Unaishi nchi gani wewe? Ng'ombe wa ghorofa ya tatu. Imeandikwa, nakuapia. Mwenye nyumba alikuja na kamba."

Nikasikia vidole vya mkwe wangu vinagonga kioo cha simu. Huyu mkwe hajui kusema uongo, na hilo ndilo tatizo lake.

"Mama, haipo," akasema.

"Haipo wapi?"

"Popote."

"Basi simu yako haijui kutafuta. Tafuta ya waziri aliyeanguka shimoni."

Akatafuta. Haikuwepo. Ya bwana harusi haikuwepo. Mwanangu alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya taratibu, ile anayoitumia kwa watu anaokwenda kuwanyima.

"Mama, leo ni siku gani?"

"Ni siku ya wewe kuniuliza upuuzi."

Hakucheka. Walipokuwa wanaaga nikawasikia kwenye ukumbi, wananong'ona. Watu husahau kwamba macho yakipungua masikio yanaongezeka. "Ndivyo ilivyoanza kwa shangazi," mwanangu alimwambia mkewe. "Hivihivi, hadithi hadithi, mpaka akawa hatujui. Mwisho wa mwezi namchukua. Nyumba tutaifunga." Nilishika meza.

Huyo shangazi alikuwa wifi yangu, na nilimuuguza mimi, kwa hiyo wazimu naufahamu. Nikajikagua kama ninavyokagua abiria. Jina langu nalijua. Vituo vyote vya reli yangu navijua kwa mpangilio, kwenda na kurudi. Mume wangu namjua na kwamba kafa najua. Sina wazimu. Basi kama mimi sina wazimu, na ng'ombe hayupo, aliyemleta ng'ombe ni msomaji. Machale yakanicheza.

Siku iliyofuata Mama Cherehani akanisomea juu ya meneja wa benki aliyeota meno mapya uzeeni. Sikubishana naye. Nilimsikiliza tu, kama nilivyokuwa nikimsikiliza abiria anayejieleza sana. Katikati ya meno akaitwa kutoka kichochoroni na mteja mwenye hasira, gauni lake la sherehe limeshonwa mkono mmoja. Akatoka mbio, gazeti akaliacha mezani. Hakuwahi kuliacha. Kila siku alikuwa anaondoka nalo, na mimi, mkaguzi mzima, sikuwa nimejiuliza kwa nini.

Nikalivuta kwangu. Vidole hivi vilikuwa vinaijua tiketi ya bandia ndani ya handaki, taa zimezimika, treni inayumba. Nikaupapasa ukurasa wa kwanza, nikakuta tundu. Si tundu la panya, ni la mkasi, limezungushwa vizuri kama kwapa. Ukurasa wa pili umekatwa ukosi. Pini imesahaulika humo, ikanichoma. Karatasi yenyewe ilikuwa imelegea kwa kukunjwa na kukunjuliwa, na ina unga wa chaki. Lile halikuwa gazeti la leo wala la juzi. Lilikuwa gazeti kuukuu la fundi, yale wanayoyakata kwa umbo la mkono au la ukosi ndipo wayalaze juu ya kitambaa.

Makubwa haya! Mwanamke anakuja kwangu kila asubuhi, anakunywa chai yangu, ananisomea gazeti lililokatwa makwapa! Hasira zilinipanda mpaka masikio yakavuma. Na sikujiuliza kama ananidanganya, hilo lilikuwa wazi. Nilijiuliza anataka nini.

Redio ya kinyozi wa pale kona haizimwi, na mchana ule walikuwa wanazungumzia bibi mmoja aliyedhulumiwa nyumba na jirani aliyekuwa anampelekea uji. Wasikilizaji wakapiga simu, na kila aliyepiga alikuwa na bibi yake. Mmoja kadhulumiwa shamba na mtu wa kumpaka mafuta mgongoni. Mwingine kasainishwa huku anakatwa kucha. "Kaeni macho," mtangazaji akasema. Mimi huyo nikakaa, macho ndiyo sina.

Hapo nikakumbuka. Siku moja Mama Cherehani alisimama chumba changu cha mbele, kile chenye dirisha kubwa la barabarani, akasema, "Chumba hiki, Bi Tiketi, mwanga wake na cherehani vingependana." Nilidhani ananisifia nyumba. Kumbe! Anijaze kichwa uongo, niupeleke kwa mwanangu, mwanangu aone nimechanganyikiwa, anizoe. Nyumba ibaki tupu, na nani yuko ng'ambo ya kichochoro na bati linalovuja? Ulikuwa mpango mzuri. Ningekuwa nimeuvumbua mimi ningejipongeza.

Basi na mimi nikapanga wangu. Nikamwambia mwanangu, "Jumapili njoo na gazeti la siku hiyohiyo, zima, lisiguswe na mkasi wala kisu." Mama Cherehani nikamkaribisha chai siku hiyo, aje awasalimie watoto. Nitamwambia asome mbele yao. Atasoma uongo wake, mwanangu atatazama gazeti, uongo utaonekana mchana kweupe. Nitasema miwani yangu ilivunjika, nikamwamini jirani, kumbe jirani ananipiga changa la macho. Wazimu hakuna, upofu hakuna, kuna tapeli mmoja tu, na atatoka mlangoni mwenyewe. Wiki nzima nilimwacha anisomee, nikawa naitikia, "Ehee. Ehee." Aliniuliza kama naumwa.

Jumapili alikuja kapendeza. Sikumwona, lakini kitambaa kipya kilikuwa kinachakacha, na juu ya harufu yake ya mafuta ya mashine kulikuwa na sabuni ya kunukia. Alimsifia mkwe wangu gauni, akamwambia pindo limepanda upande mmoja, amletee alishushe, hatamtoza kitu. Mwanangu alimsalimia kama anayempokea mtu aliyeunguliwa. Tukanywa chai. Nikamwacha amalize kikombe, mimi si mnyama.

"Mama Cherehani," nikasema, "gazeti la leo hilo. Tusomee." Sauti yangu ilikuwa tamu mno, ile niliyokuwa nikiitumia kusema, tiketi yako tafadhali, bwana.

Akalipokea. Nikaisikia karatasi mpya inavyolia.

"Mwanao si yupo," akasema. "Leo asome yeye."

"Yeye hana sauti. Soma wewe."

"Na herufi za leo ndogo."

"Zilezile za kila siku," mwanangu akasema.

Kikombe cha mtu kikagusa kisahani. Kisha akaanza, polepole. "Kuna mama mmoja hapa. Kavaa gauni la bluu, mkanda umekaa juu ya kiuno, si mahali pake. Huyu mama... kafungua shule. Ya majogoo. Anawafundisha kuwika kwa zamu, maana mtaa ulikuwa haulali."

"Wapi hapo?" mwanangu akauliza.

"Hapa."

"Nionyeshe mstari, tafadhali."

Nikasikia kiti chake kikisogea, akainama juu ya bega la Mama Cherehani. "Hilo ni tangazo la magodoro," akasema. "Na chini yake ni matokeo ya mpira. Hakuna jogoo." Mkwe wangu aliguna puani, kicheko kimekosa pa kutokea.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme, "Mmeona?" Neno lilikuwa kwenye ulimi. Likakwama hapohapo, kwa sababu ya ile sauti yake.

Mtu anayesoma, sauti yake inashuka kwanza kwenye karatasi, ndipo ikufikie wewe. Sauti ya Mama Cherehani, tangu siku ya kwanza, ilikuwa inanijia usoni moja kwa moja. Nilikuwa nadhani ni adabu. Na sasa gazeti linatetemeka mikononi mwake mpaka nalisikia, nikawakumbuka abiria wa aina moja ambao tulikuwa tunawakuta kwenye treni isiyo yao. Tiketi yao halali, treni ndiyo siyo. Ukiwaambia someni wenyewe mwone, hawaitazami tiketi. Wanakutazama wewe, wanatafuta usoni mwako jibu la kukupa. Katika ukali wangu wote sikuwahi kumshusha hata mmoja wao njiani. Nilikuwa nawaketisha mpaka kituo kikubwa, nawapandisha treni ya kurudi, na simwambii mtu.

Hajui kusoma. Jirani yangu hajui hata herufi moja, na mimi nimemwalika chai, akaoga, akavaa nguo mpya, ili nimvue mbele ya watu wenye shahada. Nilijisikia vibaya sana. Nilijisikia vibaya kuliko siku ile ya kliniki.

"Lete hapa," nikasema. "Unasoma kama umekabwa leo. Nitasoma mwenyewe."

Nikalichukua, nikageuza ukurasa, nikakunja uso kama msomaji. "Haya. Treni ya mizigo imepita kituo kikubwa bila kusimama, baada ya dereva kununiana na mkuu wa kituo. Mbuzi waliokuwa ndani wamefikishwa mwisho wa reli. Wamekuta majani mazuri. Sasa kurudi hawataki, na shirika limeunda kamati."

Nikasikia mwanangu anainama juu ya bega langu.

"Mama," mwanangu akasema, taratibu. "Hapo ni picha ya gari. Ukurasa mzima. Hapana neno."

"Najua."

"Hujui, Mama."

"Sioni, mwanangu," nikasema. "Tangu mwaka juzi sioni. Huyu nilimwomba anisomee, nikamwambia zile za kweli asinisomee, watu kuuana na bei kupanda, zinanipandisha presha. Nikamwambia atunge za kwake. Ni amri yangu. Leo nimemshtukiza na gazeti la watu bila kumwambia, ndiyo maana kababaika. Kosa ni langu."

Mama Cherehani alivuta pumzi, hakuitoa.

Mwanangu ni mkaguzi, haachi kitu kipite. "Kwa hiyo ng'ombe ulijua ni wa kutunga? Mbona uliniapia?"

"Nilitaka nione kama utabisha. Ulichelewa kubisha. Na kazi yako ndiyo hiyo?"

Hakulipokea lile. Nikaona kivuli chake kinashuka mbele yangu, kachuchumaa. "Vidole vingapi hivi?"

"Acha mambo ya kitoto."

"Vingapi, Mama?"

"Vitatu," nikasema.

Nilidhani nimebahatisha. Baadaye mkwe wangu, yule asiyejua kusema uongo, aliniambia mwanangu hakuinua kidole hata kimoja. Alikuwa kajifunika mdomo kwa mikono yote miwili ili nisimsikie akilia.

Basi ikawa imekwisha. Wazimu nilishinda, nyumba ilinishinda. Nilibishana, nilikemea, nilimkumbusha nani alimfundisha kutembea. Akasema, "Ndiyo, Mama," kila mara, na mwisho akasema, "Jumamosi." Kitu kimoja tu nilimng'ang'ania akakubali, nyumba isifungwe.

Asubuhi iliyofuata sikutegemea mtu. Nikasikia hatua za Mama Cherehani kwenye kichochoro, zikasimama mlangoni muda, kisha zikaingia. Akavuta kiti chake. Hakuja na gazeti, maana nilingojea ule mchakacho na haukuja.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Jana. Ukiwa umelishika."

"Kwa hiyo uliponiita ulidhani mimi ni nani?"

"Tapeli wa nyumba," nikasema. Uongo ulikuwa umenichosha. "Nilidhani unakitaka chumba cha mbele."

"Nakitaka," akasema, na hasira ilikuwemo. "Nani asiyekitaka? Mimi nanyeshewa pale kama mbuzi. Lakini nilikitaka na wewe mwenyewe ukiwemo."

Nikamsukumia sukari.

"Na mimi nilijua huoni," akasema. "Siku ile uliponisifia kilemba na mimi nimekuja kichwa wazi. Kabla ya hapo nilikuwa naazima gazeti la kinyozi, roho juu, nasema leo ataomba atazame picha, aone haziendani na ninayosema. Nilipojua, ndipo nikaanza kukuletea yangu ya kukatia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeniuliza nimejuaje. Tungeulizana, tungefika kwangu."

Nikamwambia ahamishie mashine chumba cha mbele, leo, kabla mvua haijanyesha. Akasema watu watasema kaniroga akachukua nyumba. Nikamwambia wataisema hiyo hata akibaki kibarazani, mimi mwenyewe ningekuwa wa kwanza. Akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Na mimi nikalia, sioni aibu. Tulilia kama wajinga, chai ikapoa.

Alipotulia akapenga kamasi, akaniuliza, "Na huko kwa mwanao, nani atakusomea?"

"Kule wote wamesoma," nikasema. "Watanisomea kilichoandikwa."